Makabidhiano

Ijumaa, saa tatu asubuhi, nilitia saini.
Bunduki mia nne na kumi na mbili, moja haina kitako.
Risasi sikuzihesabu mara ya pili:
miaka kumi na tisa nimezihesabu, zinaijua idadi yake zenyewe.
Lori likashuka na barabara, likielekea tanuru,
nami nikabaki na funguo za ghala tupu
na harufu ya mafuta ya bunduki viganjani,
harufu ambayo sabuni ya mche haiitoi.

Jumatatu wakaniletea wanafunzi.
Ndekirwa Shao, mpima kahawa kiwandani.
Karani wa stesheni, mtu wa kikohozi.
Bi Aikaruwa, mgawa maji wa mfongo wa Uru,
amekuja na jembe begani
kana kwamba nitamwambia alime sakafu ya saruji.

Nikawasomea kijitabu cha serikali, miwani ikiteleza puani:
Mvamizi akija hatakuja kuula mlima.
Atataka kahawa ipimwe, treni itembee,
maji yateremke, mishahara iandikwe kwa wino.
Atakuja na mizinga, lakini mikono ataazima kwetu.
Basi tuifundishe mikono kusahau.

Tukafanya zoezi.
King'ora kililia saa nne, soko la Kiboriloni limefurika.
Wanawake wakafunika ndizi, wakakaa.
Kimya kikashuka.
Nimesimama magwaride mengi, sijakisikia kimya kile,
kimya cha watu ambao hakuna aliyewaamuru.
Karani akapoteza muhuri.
Mizani ya Ndekirwa ikaugua ghafla.
Vijana wa Pasua waling'oa vibao vyote vya mitaa,
na jioni, mimi mzaliwa wa Moshi,
nikapotea nikienda kwangu.

Tulicheka sana.
Halafu Bi Aikaruwa akauliza:
"Na wakipiga?"

Kijitabu kina kurasa sitini na nne.
Nilikifungua. Nikakifunga.
Nikasema, watapiga.
Nikasema, wapo watakaokosa kurudi majumbani
kama walivyokosa kurudi askari.
Nilitaka kusema na tofauti, neno likakwama kooni
mahali palepale alipokwama Eliamani,
mdogo wangu, aliyerudishwa kutoka mpakani ndani ya turubai.
Bunduki yake nilimpa mimi, kwa saini.
Ilikuwa safi.
Niliisafisha mimi.

Bi Aikaruwa akaliegemeza jembe ukutani.
"Kihamba changu hakina seng'enge," akasema,
"mpaka wake ni masale.
Jani tu. Hata mbuzi analiruka.
Shemeji yangu aliliruka, akalima migomba yangu mitatu.
Hatukumpiga.
Hakupewa moto, hakupewa chumvi,
zamu yake ya maji ikapita kila juma kama haipo,
na salamu yake ikaanguka chini, hakuna wa kuiokota.
Mwezi wa tatu alikuja mwenyewe, jani la isale mkononi."

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika.
Yeye hakuridhika.
"Lakini yule alikuwa anatujua," akasema.
"Alikuwa anaona haya.
Huyo wa mizinga, haya ataitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Karani akakohoa, akasema, labda haya hufundishwa.
Labda huchukua muda mrefu kuliko mvua za masika.
Ndekirwa akasema, kesho turudie, mizani yangu iliugua vibaya,
mtoto mdogo angejua ni uongo.

Walipoondoka nilikifungua kitabu cha ghala, kilekile.
Vilivyotoka: vimeandikwa.
Vilivyoingia: watu thelathini na mmoja. Jembe moja, limesahauliwa.
Kimya kimoja, kikubwa, uzito haujapimwa.
Pungufu: Eliamani.

Nikalifunga ghala kwa mazoea.
Nimefika getini, nikasimama,
nikarudi kulifungua.